Duara Lililochimbwa Mezani

Wakazi wa Geita na viunga vyake, simameni wima! Leo inaingia katika kumbukumbu habari ya Sostenes, bingwa wa fedha za kidijitali Kanda ya Ziwa nzima. Wakati huo bingwa alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu kiti pekee cha chumbani kwake kilikuwa kimevunjika mguu.

Alikuwa amemaliza kidato cha sita bweni, Shinyanga, akisubiri matokeo bila haraka yoyote. Mezani ilikuwepo kompyuta ya mnadani, na ndani yake programu ya bure ya sarafu za mtandaoni, ile inayopakua daftari lote la miamala ya dunia na kuihakiki. Programu hiyo haimlipi mwenye kompyuta hata senti. Sostenes alilijua hilo. Mtaa haukulijua, na hapo ndipo alipoiona riziki.

Wa kwanza kunasa alikuwa Mama Loveness, mfadhili wa maduara, yaani mashimo ya dhahabu. Yeye hulisha wachimbaji na kununua dizeli. Mawe yakipatikana, anachukua fungu lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo tivii yako inaonyesha nini?"

"Si tivii, mama. Ni duara kama lako, ila hili halina vumbi. Ona, asilimia mbili. Hicho ndicho kina chetu. Tukifika mia, tumegonga mwamba wenye mali."

"Na mawe?"

"Sarafu, mama. Zinamwagika zenyewe."

Mama Loveness aliondoka, akarudi na wenzake wawili, wakamkabidhi milioni moja na nusu. Sostenes akapanga safari: lori la mizigo lingeondoka Ijumaa kwenda Isaka, na mtu akishafika Isaka, nani atamjua?

Alhamisi mzee Bujiku, mlinzi wa Mama Loveness, akaingia na godoro kichwani.

"Umekuja kulala, mzee?"

"Kulinda. Duara lenye fedha ya mfadhili huwekewa mtu wake mdomoni, na mwenye duara habanduki mpaka mwamba. Una duara na hujui hayo?"

Shuleni walimfundisha Sostenes mengi, pamoja na jinsi ngamia asivyozama mchangani. Hakuna aliyemwambia kwamba ukikiita kitu duara, watu wa Geita watakitendea kama duara.

Lori likaenda zake. Bujiku akakikodolea kioo macho, na kila jioni akampigia bosi wake simu: "Tuko kumi na moja, mama. Udongo laini." Siku namba iliposimama, aligonga meza.

"Duara limezima. Tia mafuta!"

"Bando limeisha, mzee."

"Si unayo fedha ya duara?"

Alikuwa nayo. Akanunua bando. Daftari la dunia likalimeza kama ng'ombe wa kiangazi aliyeingia shamba la mahindi, likadai jingine. Katika asilimia arobaini, Sostenes alijaribu kwenda chooni na begi la nguo. Bujiku akamsindikiza, tena akamsaidia kulibeba, kwenda na kurudi.

Wiki ya nne, asilimia mia. Fedha iliyobaki ilitosha chapati mbili. Wafadhili walijaa chumbani, Mama Loveness mbele, na kiroba kitupu mkononi. Wakasubiri. Hakikumwagika kitu.

"Limekauka," Sostenes akanong'ona.

Mama Loveness akakikunja kiroba taratibu. "Maduara hukauka. Hatudai."

Sostenes akashusha pumzi.

"Ila mwenye duara lililokauka huhamia kazi nyingine ya mfadhili wake. Nina karasha la kusaga mawe. Na koleo lipo."

Na hivi ndivyo Sostenes alivyoteuliwa mshauri mwandamizi wa usagaji mawe, baada ya Mama Loveness kumsihi kwa machozi, huku umati ukishangilia na...

Samahani, wasomaji. Mama Loveness amesimama nyuma yangu. Anasoma.

"Nani alikusihi? Na huyo Sostenes ndiye nani?"

Haya. Sostenes ni mimi. Jina nililiazima kwa mwenzangu wa bweni, ambaye ni mtu mwaminifu na hastahili haya. Naandika nyuma ya karatasi ya mfuko wa saruji, koleo limelala mapajani, na karasha linaniita. Mama anasema nisimalize kabla ya kusahihisha sehemu ya machozi: aliyelia si yeye.

Ni kweli. Na nililia kwa sauti.