Kesi ya Koti la Mjomba

Jumatatu, 3 Juni
Kesi! Kesi ya kweli! Kitabu cha upelelezi tunachopokezana katika klabu yetu ya hadithi kimetoweka. Jumamosi nilikiacha mezani maktabani. Nina hakika. Karibu hakika. Mwalimu amesema kisipoonekana kufikia Ijumaa, rafu nzima ya upelelezi inafungwa. Nitakipata mimi! Mimi ninayetokwa jasho nikiitwa jina darasani. Silaha yangu: koti la mvua la mjomba, ninalolivaa tangu wiki jana. Refu, jeusi, mfuko mmoja umetoboka.

Jumanne, 4 Juni
Jua kali. Nimevaa koti. Katika hadithi hizi mpelelezi ni mpweke, mvua haikatiki, na lazima awepo mrembo hatari. Mvua sina. Upweke ninao tele. Mrembo hatari: Miwani, msaidizi wa maktaba. Leo amenitabasamia. Hakuna anayenitabasamia bure! Nikamfuata hadi dukani. Kanunua sabuni. Ya kufutia alama za vidole!

Jumatano, 5 Juni
Nimemwambia mama, kwa Kiingereza, kwamba mji huu umejaa giza. Kwa Kiswahili ningeona aibu. Akasema niwashe taa, tena nilifue hilo koti kabla mjomba hajalikumbuka. Wapi! Linaning'inia upande mmoja, bega linaniuma. Ndio uzito wa haki.

Alhamisi, 6 Juni
Balaa. Miwani kageuka ghafla, kaniuliza mbona namfuata kama mkia. Nikasema napita tu. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya pipa la taka. Akacheka, akasema kesho anasoma hadithi yake klabuni, na mimi nimo. NIMO!

Ijumaa, 7 Juni
Hadithi yake imepindua kila kitu! Mvua hakuna. Mrembo hatari ndiye mpelelezi. Na jamaa wa koti, anayemsaka mwizi kila kichochoro, ndiye mwizi, ila hajijui. Watu wakavunjika mbavu. Nikasimama (mbele ya watu! mimi!) nikapinga: mpelelezi hawezi kuwa mwizi, kanuni haziruhusu. Miwani akaniomba, taratibu, nipapase chini ya ule mfuko uliotoboka, ndani ya bitana.
Kitabu. Na kalamu zangu tatu.
Rafu imepona. Makofi. Miwani kasema hadithi ijayo tuiandike wote wawili.

Jumamosi, 8 Juni
Nimewaza sana. Alijuaje kilipo? Eti aliona koti linavyolalia upande mmoja. Visingizio! Kakitia mwenyewe! Na sasa anataka tukae meza moja, Jumatatu baada ya masomo. Mtego mtupu.
Nitakwenda. Nimeshaazima na kofia.