Shikamoo Iliyoniponza Kwenye Mpira Mweusi

Malton,
Jumatatu, 9 Machi.

Mwenyekiti,
Kamati ya Sheria, Kombe la Pool la Majirani,
Don Mills.

Ndugu Mwenyekiti Roshanali,

YAH: KUAMKIWA NIKIWA NIMEINAMA, NA OMBI LA KURUDIWA KWA NUSU FAINALI

Habari za siku nyingi, ingawa tulionana juzi. Natumaini duka la dawa linakwenda vizuri na goti la mama Tazmin limepata nafuu baada ya kuteleza kwenye barafu. Mimi ni mzima wa mwili. Kilichobaki ndicho ninachokuandikia.

Mwandishi wa barua hii ni Nicolaus Kaijage. Unanijua miaka kumi na sita na umekula ndizi zangu mara nyingi kuliko madaktari wako wangependa, lakini barua rasmi ni barua rasmi. Ninaendesha foklifti kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege. Nimekuwa bingwa wa kombe hili mara tatu. Tangu nihamie Kanada sijawahi kumlalamikia mtu kwa maandishi, ukiacha jirani yangu anayesukumia theluji yake upande wangu.

Tukio lenyewe ni hili. Jumamosi tarehe 28 Februari, kwenye ukumbi wetu wa Don Mills, meza namba mbili, nilicheza nusu fainali na kijana wa Kikenya aitwaye Nyakundi. Nisije nikaambiwa nimeficha jambo: kijana huyo ndiye anayetaka kumuoa binti yangu Kokugonza. Yeye alikuwa amebakiza mipira mitatu. Mimi nilikuwa nimebakiza ule mweusi tu, nao ulikuwa umekaa kwenye mdomo wa shimo, mahali ambapo hata mtoto wa chekechea angeupuliza ukaingia. Nikapaka chaki. Nikainama. Ndipo kutoka upande wa pili wa meza likaja neno: shikamoo.

Mimi nimelelewa Bukoba, na mzee akiamkiwa huitika. Nikaitika. Mkono ukacheza. Mweusi ukaingia, na mpira mweupe nao ukaufuata, kama mtu aliyesahau funguo ndani. Kwa kanuni zetu, mweupe ukiufuata mweusi shimoni umeshindwa. Ukumbi mzima ukanitazama, na mimi nikatazama shimo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu muda wa salamu. Nyakundi namfahamu mwaka wa pili sasa. Siku aliyoletwa kwangu mara ya kwanza aliniambia niaje mzee. Krismasi, mbele ya padre, aliniambia sasa mzee. Nilipofanyiwa upasuaji wa kidole tumbo alikuja hospitalini na zabibu, akasimama mlangoni akaniuliza kama niko poa, mtu mwenye nyuzi tisa tumboni. Yote nilivumilia. Najua kwao Kisii shikamoo ni kitu cha kwenye kitabu cha darasa la tatu, unakijibu kwenye mtihani kisha unaendelea na maisha. (Watu wa Mombasa siwagusi, hao hata sisi wanatufundisha.) Sasa niambie, Ndugu Mwenyekiti: mtu akae miaka miwili bila shikamoo hata moja, halafu ya kwanza aitoe wakati nimeinamia mpira mweusi? Wengine wataita bahati mbaya. Mimi kazi yangu ni kujua mzigo umeangukia wapi na nani aliusukuma.

2. Kuhusu chanzo chake. Nimefanya uchunguzi, na imethibitika kwamba shikamoo hiyo alifundishwa na Kokugonza, mwanangu wa kumzaa. Mtoto huyu tangu ana miaka kumi na miwili huingia nyumbani akasema hai Dad, akaenda moja kwa moja kwenye friji. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, na tumeelewana hivyo. Shikamoo yake ya mwisho niliipata alipotaka kuazima gari. Nilidhani lile neno limemtoka kabisa. Kumbe lilikuwepo, limehifadhiwa, na ameligawa kwa mpinzani wangu siku nne kabla ya nusu fainali. Kikulacho ki nguoni mwako.

3. Kuhusu marahaba za wizi. Shikamoo ile ilikuwa moja na ilikuwa yangu. Walioitika walikuwa saba. Mzee yeyote mle ukumbini aliyesikia neno hilo alidhani ameamkiwa yeye, na sauti za marahaba zikatoka kila pembe kama kwaya iliyokosa mwalimu. Wewe mwenyewe, Ndugu Mwenyekiti, mtu wa Mwanza, mtu wa ziwa moja na mimi, uliitika na sambusa mdomoni huku umeipa meza mgongo. Sitaki kukutuhumu. Nakukumbusha tu kwamba aliyepokea mali isiyo yake hawezi kukaa kitako kuihukumu, na bado nakuomba uihukumu kwa sababu kamati ni wewe na Kulsumbai peke yenu.

4. Kuhusu Kulsumbai. Namheshimu mwamuzi wetu. Lakini alitamka mbele ya watu kwamba hakusikia salamu yoyote kabla ya pigo langu. Bibi huyu ana kifaa cha kusikia ambacho hukizima kila mechi ikianza, ili asisumbuliwe na malalamiko ya wachezaji. Ushahidi wa sikio lililozimwa una uzito gani? Nilipomkatia rufaa palepale alifungua kijitabu cha kanuni akanisomea yaliyokatazwa wakati mwenzako anapiga: kupiga mluzi, kuongea na simu, kusimama mbele ya macho yake, kutikisa meza. Shikamoo haimo, akasema. Nikamwambia kijitabu hicho kimeandikwa na watu wanaosalimiana kwa kidevu. Akaniita mwanangu, akaniambia nikae chini. Nina miaka hamsini na minane. Nilikaa, kwa sababu alifundisha shule Tabora miaka thelathini na sauti ile bado anayo.

5. Kuhusu kuguswa. Kanuni ya sita ya kombe letu inasema mchezaji asiguswe anapopiga. Wazee wetu walitufundisha kwamba anayesema shikamoo anasema nashika miguu yako. Kwa hiyo kisheria, wakati wa pigo lile, miguu yangu yote miwili ilikuwa imeshikwa. Nashangaa kwamba jambo lililo wazi kiasi hiki linahitaji kuandikiwa barua. Tena nani alipaswa kuinama? Mzee ndiye aliyekuwa amelala juu ya meza, kijana ndiye aliyesimama wima.

6. Kuhusu uungwana wake wa kupindukia. Mara baada ya uamuzi, Nyakundi alisema yuko tayari turudie mechi. Nilikataa. Mtoto hawezi kumsamehe mzee hadharani, tena mzee mwenyewe hajakosa. Kwa hiyo naiomba kamati iamuru mechi irudiwe kwa nguvu, mechi ileile niliyoikataa alipoitoa kwa hiari. Tofauti ni kubwa na naamini mwanasheria yeyote ataiona.

7. Kuhusu washenga. Baba wadogo wawili wa Nyakundi, wakazi wa Pickering, walikuwa waje kwangu Jumamosi hii tarehe 14 kuleta posa. Nimewatumia ujumbe kwamba shughuli imesimama mpaka kamati itoe uamuzi. Nitawapokeaje? Mtu aliyefungwa na bwana harusi ataketi vipi kwenye kiti chake mwenyewe na kuuliza wageni wamekuja na neno gani? Watanitazama wakiona mpira mweupe. Kokugonza ameacha kula mezani na mimi tangu Alhamisi. Ananiandikia karatasi na kuzibandika kwenye friji, na ya jana ilisema kwamba huu ni mchezo tu. Wapo pia wanaonong'ona kanisani kwamba Kaijage hana shida na pool, anaogopa kubaki peke yake kwenye nyumba ile tangu mama Koku alipofariki. Jambo hilo halimo kwenye kanuni na naomba lisijadiliwe.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo.

Nusu fainali irudiwe kabla ya fainali ya Jumapili, mpira mweusi ukiwekwa palepale kwenye mdomo wa shimo, na mimi nikianza.

Salamu zote zimalizikie mlangoni, pamoja na habari za nyumbani, za kazini, za waliobaki Afrika na za theluji. Mchezaji akishagusa chaki asiamkiwe hata na mjukuu wake.

Wachezaji wote wavae kadi za umri shingoni, ili ijulikane mapema nani anamwamkia nani. Wanaofanana umri wakae kwenye chumba cha pembeni wakubaliane.

Atakayetoa shikamoo mezani anyang'anywe zamu mbili. Akitoa kwa mikono miwili na kofia mkononi, kama alivyofanya mhusika, zamu nne, kwa maana hapo ameonyesha dhamira.

Wakenya wa bara waandaliwe semina ya siku moja kuhusu shikamoo inatolewa saa ngapi, wapi na kwa nani. Niko tayari kuifundisha mimi mwenyewe. Mtihani uwepo. Na watakaofeli waruhusiwe kuendelea na niaje, ambayo, nikiwa mkweli, haijawahi kunikosesha mpira.

Ndugu Mwenyekiti, sidai kikombe. Vikombe ninavyo vitatu, na kimoja natilia kalamu. Ninachodai ni heshima ya mzee kupiga mpira wake bila kuheshimiwa kabla ya wakati.

Nisalimie sana mama Tazmin, na Tazmin mwenyewe, na mumewe, na wale pacha. Msalimie Kulsumbai akiwa amewasha kifaa. Nisalimie wote wa meza namba moja, na wa meza namba mbili isipokuwa mmoja. Wasalimie na majirani wa ghorofani kwenu, ingawa hawanijui.

Ni mimi, ninayengoja uamuzi nikiwa nimesimama wima,

Nicolaus R. Kaijage
Bingwa mara tatu

N.B. Bahasha hii nilikuwa nimeshaigundisha, nimeifungua kwa mvuke wa birika. Kokugonza amekuja jikoni asubuhi hii, ameweka simu yake mbele yangu, akaenda kazini. Siku ile alikuwa akirekodi ili amtumie shangazi yake Bukoba ushindi wangu.

Nimeitazama video hiyo mara nne bila miwani na mara ya tano nikiwa nayo. Ninapoinama, ukumbi uko kimya. Ninapopiga, uko kimya. Mweusi unaingia, mweupe unaufuata, na mimi nasimama nikitazama shimo. Hakuna mtu anayesema kitu. Wewe unageuka kuchukua sambusa, Ndugu Mwenyekiti, nadhani kwa aibu ya kunitazama, na sikulaumu. Nimehesabu sekunde kumi na moja. Sikujua kwamba nilisimama pale muda wote huo.

Ndipo Nyakundi anaweka fimbo chini, anavua kofia, anazunguka meza, ananyoosha mikono miwili na kuniamkia. Alikuwa ametafuta neno la kumwambia mtu mzima aliyekosea mbele ya watu, na alilolipata ni hilo. Saba wakaitika kwa shangwe, ukumbi ukapata uhai. Mimi, niliyekuandikia kwamba niliitika kama nilivyolelewa, mdomo wangu haufunguki. Nachukua koti langu na kutoka.

Kwa hiyo Kulsumbai alisikia vizuri. Malalamiko namba moja hadi saba tafadhali yachane, na usimwonyeshe. Fainali acheze kijana. Washenga nimewaambia waje Jumamosi saa nane, na naomba wewe uje mapema ukae upande wangu, maana upande wangu hauna watu.

Nyakundi nimempigia simu kabla ya kuifunga tena bahasha hii. Nilimwambia neno moja tu, marahaba. Akauliza kama huo ndio uamuzi wa kamati. Nikamwambia hapana, huo ni wangu.