Chama cha Watu Saba na Wageni wa Chumba cha Pasi

Jumatatu, Machi 4
Siku ya kihistoria. Nimenunua daftari hili makusudi, ili wajukuu wasije wakasimuliwa mambo haya na watu wa upande wa pili.

Barua imefika asubuhi. Shirikisho la vyama vya kijamaa linaunda kamati ya mshikamano wa kimataifa, na mji wetu umepewa nafasi moja. Mjumbe atakuja Jumamosi. Atatafuta chama kilicho karibu zaidi na wafanyakazi wahamiaji, na katibu wa chama hicho ndiye atakayeketi kwenye kamati. Katibu wa chama chetu ni mimi. Kwa furaha nilipitisha shuka moja mara tatu kwenye mashine ya kukamulia.

Tatizo ni kwamba vyama viko viwili. Chetu ni Umoja wa Wafanyakazi Wote. Wanachama saba, chumba cha nyuma kwa fundi cherehani. Cha shemeji yangu, mume wa dada, ni Umoja wa Wafanyakazi. Wanachama wanane, chumba cha mbele. Zamani tulikuwa kitu kimoja. Tuligawanyika kwa sababu ya neno "wote". Shemeji alisema hao wote watatumaliza, tuanze na wa nyumbani. Nikamwambia mfanyakazi hana nyumbani. Akanijibu kwamba hilo ni kweli kwa upande wangu, maana naishi kwake. Hilo lilikuwa shambulio la kibinafsi. Si hoja.

Na wahamiaji wapo. Kiwanda chetu hufua mashuka ya mahoteli na hospitali. Wiki tatu zilizopita mwajiri alileta wanawake thelathini kutoka ng'ambo ya mpaka. Akawaweka chumba cha pasi, penye joto kuliko kote, kwa ujira mdogo kuliko wetu. Chama cha shemeji kimetoa tamko: tunawahurumia wageni, lakini wanatushushia mishahara. Sisi tumetoa tamko lisilo na "lakini" hata moja. Nililiandika mwenyewe, likapigiwa makofi.

Kikaoni mtu akauliza kama kuna mwenzetu aliyewahi kuzungumza nao. Hakuna hata mmoja. Basi hiyo ndiyo kazi ya kesho.

Jumanne, Machi 5
Mpango: waraka kwa lugha yao wenyewe. Shemeji hata salamu yao haijui.

Fundi wa mashine za kufulia anaijua lugha hiyo vizuri. Kaniambia mwenyewe. Alitafsiri wakati wa chai, nikachapa nakala hamsini, na saa sita nikaingia chumba cha pasi kifua mbele.

Walisoma. Wakatazamana. Mmoja akaketi chini, akafunika uso kwa aproni, mabega yakimtikisika. Nikadhani analia kwa kuguswa.

Wana kiongozi, mwanamke mrefu wanayemwita Mwalimu kwa sababu kwao alikuwa akifundisha hesabu. Lugha yetu anaisema safi kuliko mimi. Akanieleza kwa upole kwamba waraka unaitwa Nguo Chafu, Anikweni Pamoja. Aya ya pili inamtaka msomaji azime umeme kabla ya kufungua mlango. Aya ya mwisho inaonya kwamba chama kingine kisiguswe kwa mikono yenye maji.

Nikamrudia fundi. Kumbe lugha yote aliisomea kwenye kitabu cha maelekezo ya mashine.

Hata hivyo nakala zote hamsini zimechukuliwa. Baadhi wamezibandika ukutani. Chama cha shemeji hakijawahi kubandikwa popote.

Jumatano, Machi 6
Mwalimu kanijia mwenyewe kwenye mashine. Nikajua kafuata kadi ya uanachama.

Hakufuata kadi. Siku ya kwanza kazini msimamizi alichukua pasipoti zao zote, eti kwa usalama, akazifungia kwenye kabati la ofisi. Jana mwenzao mmoja, mjamzito wa miezi sita, aliungua kwa mvuke kutoka kiganja hadi kiwiko. Hospitali ilimfunga bendeji, ikamwambia arudi na pasipoti ndipo alazwe. Msimamizi kasema pasipoti hazitoki mpaka mkataba uishe. Mkono umevimba. Analala ameuinua juu ya ndoo.

"Kesho saa nne tunazima pasi na kwenda ofisini," Mwalimu alisema. "Tukienda peke yetu atatufukuza. Idara nyingine zikisimama nasi, hataweza. Kusimama tu, kaka. Hotuba hatuhitaji."

Kusimama tu. Maskini, hakujua anazungumza na nani. Nimeitisha kikao cha dharura.

Kikao kimechukua saa tatu. Azimio liseme mshikamano wa kidugu au wa kitabaka? Mwenzetu tunayemwita Kifungu alisema udugu ni hisia, tabaka ni sayansi. Mwingine akasema dada zetu hawawezi kuwa udugu, labda udada. Tukafika mahali pazuri sana. Ndipo tukagundua chumba cha mbele wamenyamaza. Na sisi tukanyamaza tusikilize wanasikiliza nini. Vyama viwili vya wafanyakazi, masikio ukutani, huku na huku.

Basi shemeji anajua. Kesho naye atatokea na bango, ili mjumbe akija aambiwe kwamba alikuwepo.

Nyumbani dada alitupakulia bila kutuangalia. Yeye hana chama. Anafanya kazi meza ya kukunja, na kumbe kila siku anakula na wale wageni. Akasema wapiganapo tembo nyasi huumia, lakini nyie si tembo. Nyie ni majogoo wawili, na nyasi hata hazijawaona. Kisha akatuuliza kama kesho saa nne tutakuwepo. Tukajibu kwa pamoja kwamba tutakuwa mstari wa mbele.

Alhamisi, Machi 7
Naandika haraka kabla sijapoa.

Saa nne kasoro robo niliingia stoo ya mashuka. Lengo lilikuwa kuficha bango la shemeji, maana nilimwona akiliweka humo. Nikamkuta shemeji ndani, bango langu mkononi. Tukavutana. Mlango ukajifunga. Kitasa chake hufunguka kwa nje tu.

Tukapiga kelele, lakini mashine kumi na nne zilikuwa zikinguruma. Tukapeana lawama. Akasema ningekubali "wa nyumbani kwanza" miaka miwili iliyopita tusingekuwa humu. Nikamwambia kosa lake ni la kinadharia.

Mara mashine zikazimika. Moja, nyingine, kisha zote. Miaka kumi na moja nipo kiwandani, sijawahi kuusikia ukimya ule. Kisha miguu. Tulilala kifudifudi tukachungulia chini ya mlango. Ndala za watu wa pasi zilipita, halafu buti za watu wa kukamulia, watu wangu. Hata viatu vyeupe vya wanachama wa shemeji. Mbele kabisa, sambamba na Mwalimu, viatu vya dada, kile cha kushoto kimefungwa kamba badala ya gidamu.

Shemeji akaniambia jambo ambalo sikulijua. Mama yake aliosha vyombo nchi ya watu miaka tisa. Siku alipofukuzwa, wenyeji aliofanya nao kazi waliinama wakaendelea kuosha. "Kwa hiyo mimi hujiuliza, shemeji," alisema, "kwa nini sisi ndio tuanze?" Nikatazama vile viatu vikizidi kupita, nikamwambia labda kwa sababu hiyo hiyo. Akainamisha kichwa. Akanishika mkono.

Niliguswa hadi machozi. Nikamwomba kalamu niliandike hilo, litafaa sana kwenye hotuba ya Jumamosi. Akauachia mkono wangu.

Mama mtunza stoo alitufungulia saa tano na nusu. Yameisha. Msimamizi alitishia kufukuza thelathini, akaona wako mia moja na ishirini, akatafuta funguo. Pasipoti zote thelathini zimerudi. Dada kamsindikiza yule mjamzito hospitali. Kalazwa, mkono umeanza kunywea, na mtoto anacheza tumboni.

Kifungu aliniuliza nilikuwa wapi. Nimemjibu kwamba nilikuwa ndani kabisa ya mapambano, pamoja na mpinzani wangu mkuu.

Jumamosi, Machi 9
Mjumbe kafika. Mama mmoja mnene mwenye begi la bluu. Nilimpokea langoni, shemeji akampokea langoni pia. Nilianza hotuba. Shemeji akaanza yake. Mjumbe akauliza chumba cha pasi kiko wapi.

Alikaa huko saa mbili, kwenye joto lile. Tulisikia vicheko. Alipotoka alikuwa amekunja waraka wangu vizuri ndani ya begi. Kasema ndio waraka wa kisiasa pekee aliowahi kuusoma hadi mwisho. Nimeambiwa hivyo mbele ya shemeji.

Nafasi ya kamati kapewa Mwalimu. Ni kosa la utaratibu tu, kwa sababu hakuna aliyemweleza mjumbe kwamba Mwalimu hana chama.

Jumapili, Machi 10
Kiwanda kizima kimekutana kwa fundi cherehani. Wametoa ule ukuta wa mbao uliogawa vyumba, maana watu hawakuenea. Wenyeji na wageni wamechanganyika, huwezi kujua nani ni nani mpaka aongee. Madai: mshahara mmoja kwa kazi moja, na feni kwa watu wa pasi. Dada kachaguliwa mwenyekiti kwa kauli moja. Alitoa hotuba ya maneno kumi na manne. Nilihesabu, nikamsikitikia.

Kabla ya kufunga alinisogelea. "Mdogo wangu," alisema, "kila Jumapili uwe unaleta viti, na tukimaliza unavirudisha." Mwalimu akaongeza kwamba kazi hiyo haihitaji hotuba.

Shemeji kaja mbio kutaka tugawane, nusu yake nusu yangu. Nimemkatalia. Haya ndiyo mambo yaliyotugawa tangu mwanzo, kukosa msimamo.

Nimerudi nyumbani sijisikii miguu kwa furaha. Juma moja tu la mapambano, na nimefika hapa. Dada ni mwenyekiti, sawa, nampongeza. Lakini yeye ana kiti kimoja. Mimi nimekabidhiwa ishirini na vinne.