Mstari wa 212 Una Sababu Zake

Jumatatu, 9 Juni
Itangazwe kwa wakubwa na wadogo: leo saa nne asubuhi nimeulizwa swali. Muulizaji ni fundi mwenzangu, Dada Sindano. Tunamwita hivyo kwa sababu anachoma. Alikuwa akisoma kiendeshi cha sauti, programu inayoamrisha spika za kompyuta, niliyoiandika mwenyewe miaka tisa iliyopita. Mstari wa 211 unazima spika. Wa 212 unauliza: imezimika? Kama imezimika, izime. Akataka kujua mlango uliofungwa unafungwaje tena. Nikacheka kizee, nikasema mstari huo una sababu zake. Akauliza zipi. Nikamwahidi maandishi kesho!

Jumanne, 10 Juni
Nimemwandikia kurasa mbili kuhusu "mwangwi wa asili". Akajibu kwa adabu: asante kaka, mwangwi upi? Mkuu wa kazi naye kasikia. Ijumaa nieleze mbele ya wote. Nikishindwa, kiendeshi apewe Sindano, mimi nihamie printa. Printa! Aliyehamia huko mwaka juzi siku hizi anaongea na karatasi.

Jumatano, 11 Juni
Nyumbani nimesimulia mkasa wote. Mke wangu akasema, baba watoto, mficha uchi hazai, si useme tu hujui? Nikamwambia haelewi mambo ya kitaalamu. Akauliza, kwani wewe unayaelewa?

Alhamisi, 12 Juni
Hila mpya: pasipo mstari hapana swali. Wenzangu walipokwenda kula, nikaufuta, nikasambaza toleo jipya ofisi nzima. Raha! Mara Mkuu, akiwa na wageni, akasimamisha video. Spika zilipozimika, zikalia PAA! kama tairi limepasuka. Mgeni mmoja, mwenye kitambi chake, akaingia chini ya meza. Nikaurudisha mstari mbio.

Ijumaa, 13 Juni
Niliingia chumba cha mkutano na kurasa zangu mbili. Sijafungua mdomo, Mkuu, aliyeona kwenye rekodi kuwa niliufuta mstari akadhani ni jaribio la makusudi, akatangaza kuwa kishindo cha jana kimethibitisha: bila 212 tumekwisha. Akaniita mwona mbali. Kiendeshi kimebaki kwangu. Makofi!

Ukweli nakupa wewe tu, daftari. Siku ile nilipouandika mstari huo, miaka tisa iliyopita, nilikuwa nachelewa kwa wakwe. Spika zilipasua masikio kila zikizimwa. Kwa haraka nikabandika amri ileile mara mbili, zikanyamaza. Kwa nini? Sijui hadi leo. Ile "kama" niliichomeka katikati ili ionekane nimefikiri.

Sindano kaomba nimfundishe. Nimekubali: Jumatatu, somo la saa mbili nzima, na michoro.