Mazabodi Nyeusi na Mazabodi ya Kijani

Jumatatu, 3 Juni
Kompyuta ya mke wangu imekufa. Ilitoa harufu ya mpira unaoungua, ikanyamaza. Diski imepona, Mungu mkubwa, na ramani ya zahanati anayoichora imo humo. Mteja anaitaka Jumatatu ijayo. Nimemwambia mke wangu asihangaike, nitamuundia nyingine kwa mikono yangu. Akanitazama kidogo, kisha akasema atampigia simu mdogo wake. Mdogo wake ni fundi wa kompyuta. Mimi ni karani wa ghala. Tofauti si kubwa.

Jumanne, 4 Juni
Shemeji amekuja. Dakika tano tu, keshajua. Prosesa, ule ubongo wa mashine, nzima; kadi za kumbukumbu nzima. Kilichoungua ni mazabodi, ule ubao unaobeba viungo vyote. Ameniandikia kwenye karatasi aina ya kununua: ndogo, ya kijani, ya kawaida. Anasema itapokea viungo vyetu vya zamani bila ugomvi. Nimemshukuru kwa heshima zote, karatasi nikaikunja. Nikiinunua hiyo, sifa zote zitakuwa zake, nami nitabaki mshika tochi.

Jumatano, 5 Juni
Dukani. Mazabodi mbili zimelazwa kwenye kaunta. Ile ya shemeji nyonge, kama mgeni asiyealikwa. Nyingine nyeusi, pana, ina taa zinazobadilika rangi. Muuzaji akauliza prosesa yangu ni ipi. Nikajibu ni nzuri. Akauliza kadi za kumbukumbu ni za kizazi gani. Nikajibu za kizazi chetu. Akakohoa, akashauri nirudi na fundi. Neno hilo ndilo lililoniponza. Nimechukua nyeusi.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeomba ruhusa kazini, eti jino. Mke wangu kaenda kupima kiwanja. Ubao umekataa kuingia kwenye kasha. Nikakunja ukingo wa kasha kwa koleo, ukaingia. Kadi za kumbukumbu nazo zikakataa: mwanya wake uko pembeni kidogo kuliko unavyotakiwa na ubao. Nikachukua tupa ya kucha ya mke wangu, nikaanza kuusogeza mwanya. Kadi ya kwanza imekatika ncha. Prosesa sikuigusa, na kwa hilo najisifu busara. Mkataa pema, sijui nini. Sitaki kuimalizia.
Mke wangu aliporudi akauliza maendeleo. Nimesema kazi inaiva.

Ijumaa, 7 Juni
Jumatatu inakaribia. Nimemeza mate machungu, nikampigia shemeji. Nilitaka aje, acheke, yaishe. Hakucheka. Amefika na mazabodi ya kijani mkononi. Kumbe jana alipita dukani, muuzaji akamsimulia habari za mteja mwenye kumbukumbu za kizazi chetu. Akaikagua nyeusi, akasema haijaumia, muuzaji atakubali kubadilishana. Kisha akaniketisha na kunipa bisibisi.
"Funga wewe, shemeji. Mimi nitakaa hapa nikuelekeze."
Nikamuuliza kwa nini asifunge mwenyewe, angemaliza mapema.
"Kwa sababu dada kaniambia umemwahidi."
Nimefunga skrubu tisa. Machozi yakanilenga, nikasingizia vumbi la feni.

Jumapili, 9 Juni
Imewaka. Ina kadi moja tu ya kumbukumbu, kwa hiyo inasuasua, lakini mke wangu amechora tangu asubuhi. Alasiri ramani imekamilika: milango, madirisha, hata benchi la wagonjwa. Alipouliza nani kaifunga, shemeji alininyooshea kidole, akaendelea na chai yake. Mke wangu akaniambia, "Asante, mwenzangu. Uliahidi, ukatimiza."
Nilitaka kuwashukuru wote wawili, nikaishia kuwaongezea chai. Nina bahati ya watu. Kuanzia leo nitamsikiliza anayejua. Nimeandika, na wino uwe shahidi.

Jumanne, 11 Juni
Ramani imepokelewa, mteja ameridhika. Jirani yetu mwalimu amesikia sifa zangu, akaja kuniomba nimchagulie pampu ya maji. Fundi bomba alikwishamshauri achukue ndogo. Tumekwenda dukani pamoja. Pampu sijawahi kuifungua, lakini mashine ni mashine. Tumechukua kubwa. Fundi bomba kaja kuiangalia, akashika kichwa, akasema haitaingia kwenye bomba la mwalimu. Ana wivu, masikini. Nimemwambia kwa upole kwamba bomba hupanuliwa.