Picha Moja, Herufi Mbili

Immaculate Nafula,
Muuza sidiria, Soko la Toi.

Kwa Daktari Msimamizi,
Kliniki ya Picha ya Mwangaza Mwema, Kawangware.

Daktari mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, na naomba uketi kabla ya kusoma. Nina miaka arobaini na saba na naogopa saratani, ndiyo maana nilitoka Kisumu Ndogo nikaja kwenu kupigwa mamogramu. Daktari Obiero aliitazama picha akaandika B: mafuta mengi, nyama kidogo, niende nyumbani. Daktari Wagaki akaitazama picha hiyo hiyo akaandika C: nyama imesongamana, uvimbe unaweza kujificha humo, nirudi kwa ultrasaundi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Matiti ni mawili lakini mwenyewe ni mmoja. Siwezi kwenda nyumbani na kurudi kliniki kwa wakati mmoja.

2. Wiki iliyofuata Daktari Obiero aliletewa picha yangu tena kwa ukaguzi, bila jina, naye akaandika C. Sasa hakubaliani hata na nafsi yake! Mimi nimefungua marobota ya sidiria za mitumba miaka kumi na minne. Nikisema hii ni kamera, ile ya kuchaguliwa kwanza, hata ukiniamsha usingizini nitasema ni kamera. Na sikusomea popote.

3. Mume wangu Wanzala ameipenda C, akidhani ni saizi ya sidiria. Amewatangazia wazee wa kanisa kwamba nimepanda daraja, na sasa akina mama wa kikundi, wakidhani ni mtihani, wanafunga na kuomba nipate A.

4. Kwa hivyo naomba madaktari hao wafungiwe chumbani na picha yangu, bila chai, hadi waafikiane. Wakishindwa, waje Toi wachambue sidiria chini ya usimamizi wangu. Wakishindwa hata hapo, picha ipigiwe kura, mawakala wawepo, na matokeo yabandikwe mlangoni. Matiti yenyewe yasipige kura kwa sababu yana maslahi.

Hadi hapo ultrasaundi siji. Sitaki kupimwa kwa sababu ya ubishi wa watu wawili.

Nisalimie wote hapo, pamoja na mlinzi wa getini anayeniuliza kila mara kama nimeshapewa herufi.

Ni mimi, mwenye picha,
Immaculate Nafula

Baada ya kusaini: Barua hii imekaa mkobani wiki tatu. Wanzala alichoka na kelele zangu akanileta mwenyewe. Ultrasaundi ilionyesha uvimbe kama punje ya dengu, ambao kwenye mamogramu haukuonekana kabisa. Walichukua kipande kikapimwa. Ni saratani, lakini bado changa, na Jumatatu wanaitoa. Naogopa sana, daktari. Tafadhali futa ombi la nne na uwaache wabishane. Dada yangu Nekoye naye alipigwa picha, mji mwingine, mwaka juzi. Aliisoma daktari mmoja, akaandika B, na hakuna aliyembishia. Tulimzika Busia mwezi wa Agosti.