Nilivyokemewa Kama Pepo Kirongwe

Leo nimeaibika, jamani. Nimekemewa kama pepo, mchana kweupe, na mke wangu akiwa kiti cha mbele. Bora mnisikie mimi mwenyewe, maana huko Kilindoni habari hii itawafikia ikiwa imeshatiwa chumvi.

Kanisani kwetu huu ni msimu wa umisheni. Mchungaji ametaka kila mtu aijue nafasi yake kabla hatujaenda kisiwani Shungimbili kuwahudumia wavuvi walioko dago. (Dago ni kambi ya wavuvi, kwa wenzangu mlioko bara.) Wengine wameshapata: kuna wa kuimba, kuna wa kufundisha watoto, muuguzi wetu atapima presha. Mimi je? Kwaya nilijaribu, mwalimu akaniomba kwa upole nisaidie kubeba spika. Kundi la maombi nilijaribu, nikakoroma. Kila Mchungaji akiniuliza, "Ayubu, wewe umeitwa kufanya nini?" najifanya napanga spika. Nisiwafiche, nilishaanza kuogopa kwamba karama zilipogawiwa mimi nilikuwa msalani.

Basi nikajitosa. Nitahubiri! Tukakubaliana nijaribu leo Kirongwe, kwenye kijikanisa cha walimu na wauguzi waliotoka bara kama mimi. Nikiweza, Shungimbili nasimama tena.

Sasa, nilishasikia kwamba mhubiri asiyefunga ni debe tupu. Nikafunga tangu juzi. Chakula sigusi, maji sigusi. Asubuhi Neema, mke wangu, akaniwekea chai na chapati za moto. Nikamjibu kwa mstari wa Biblia. (Mwanamume anayemjibu mkewe kwa mstari wa Biblia hafiki mbali.) Akazifunika chapati zake, akasema, "Haya."

Nilianza vizuri. Nikapaza sauti, watu wakaitika amina. Nikapaza zaidi. Jua lilikuwa kali, bati linalia, mimi nimevaa koti. Mara nikaona Neema wako wawili. Mara nikaona hakuna Neema hata mmoja.

Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni. Mama Upendo, kiongozi wa kundi la maombi, alikuwa amenishika kichwa kwa mikono miwili.

"Wewe uliyemo humu ndani, jina lako nani?"

"Ayubu."

"Usitudanganye. Hatumuulizi Ayubu."

Nikaona nisibishane. Nikasema tu lililokuwa moyoni: "Naomba chai."

Kosa kubwa! Sisi watu wa bara, tangu tuhamie huku, tumeambiana sana kwamba mashetani ya pwani yana kawaida ya kuomba vitu. Mara yanataka halua, mara yanataka marashi. Mama Upendo akawageukia wenzake, akawaambia limeanza kuagiza. Toka, toka, toka! Akina mama waliokuwa wanapika nyuma ya kanisa wakaacha masufuria, wakaja mbio na miiko mikononi kuongeza nguvu. Neema alijaribu kueleza kwamba mume wake ana njaa, akaambiwa asilitetee.

Kelele zile zikamleta Bi Mwanaidi, mwenye shamba la minazi la jirani, ambaye ndiye aliyetuazima masufuria. Wakampisha. Akaniinamia, akaitazama midomo yangu. Nikamwamkia palepale chini, shikamoo, akaitika marahaba. Kisha akawauliza wenzangu, bila haraka:

"Huyu kafunga?"

Neema akasema ndiyo.

"Daku kala?"

Daku gani? Mimi nilifunga kwa ushujaa, habari za kuamka alfajiri na kula sikuwa nazo.

"Basi hana shetani huyu. Mleteeni dafu."

Nikanywa dafu, nikanywa la pili, nikala na tende alizotoa kwenye mfuko wake. Mama Upendo akawa anakunja kitenge ambacho kilishakunjika. Wakanikalisha ukutani kama mgonjwa. Aibu niliyoisikia pale siwezi kuieleza. Nilijua umisheni wangu umekwisha, na waendao Shungimbili nitawapungia mkono kutoka bandarini.

Ndipo nikasikia harufu. Wali unaungua! Jikoni hapakuwa na mtu, wote walikuwa wananikemea mimi. Nikainuka, Neema kanishika shati, nikamponyoka. Nikavuta kuni. Nikauhamishia wali sufuria nyingine bila kugusa ukoko, nikapalia makaa juu ya kifuniko. Kunde nazo zilikuwa karibu kukauka, nikaziongezea tui, nikaonja chumvi. Nikamtuma Mama Upendo sahani, naye akaenda. Sikuwa nawaza wito wala karama. Nilikuwa napika tu, kama ninavyopika nyumbani Jumamosi Neema akiwa zamu kazini.

Watu wakala. Bi Mwanaidi akapelekewa sinia lake. Mchungaji akanifuata jikoni akiwa na sahani ya pili.

"Ayubu, mahubiri yako sikuyaelewa hata kidogo," akasema. "Huu wali nimeuelewa."

Akaniambia wale vijana wa dago hurudi kutoka baharini wamechoka na njaa inawauma, na kuwapa maneno kabla ya chakula ni kuwaonea. Akaniomba niende kuwa mpishi wao. Jamani, nilipumua. Machozi yalinitoka nikasingizia moshi. Sihubiri tena! Siulizwi tena! Mzigo niliokuwa naubeba miezi yote hii umeshuka, na nafasi ninayo, yangu kabisa.

Haya, anayetaka kucheka acheke. Ila kama naye yumo kwenye safari, akumbuke kwamba Shungimbili hakuna hoteli, na kila sahani nitakuwa naipakua mimi.